Ukitofautiana na gereji kuhusu breki

Gari likitoka gereji breki zikiwa mbaya kuliko lilivyoingia, liegeshe. Usijiambie utaendesha polepole hadi wikendi. Kampala ni vilima vitupu, na boda zinakukata mbele kila dakika. Gharama ya kulivuta gari hadi gereji utaidai pamoja na mengine.

Gereji moja ya hapa mjini ilinibadilishia pedi za breki za mbele, zile zinazobana diski ya chuma inayozunguka na tairi, kwenye Toyota Noah tunayowapeleka nayo watoto shule. Kesho yake pedeli ilikuwa laini, inazama karibu na sakafu, mpaka uipampu ndipo ishike. Tena kila nikifunga breki gari linavutwa kushoto. Nikampigia mwenye gereji, akaniambia, "Nyabo (yaani mama), pedi mpya lazima zizoee kwanza. Endesha tu."

Jibu hilo utalisikia na wewe, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Ni kweli pedi mpya huhitaji muda wa kukaa sawa na diski, na siku za mwanzo huenda zikashika kidogo kuliko ulivyozoea. Lakini kuzoea hakuifanyi pedeli izame. Pedeli laini baada ya kazi ya breki mara nyingi ni upepo uliobaki kwenye mabomba, au mafuta ya breki yanavuja mahali. Gari kuvutwa upande mmoja unapofunga breki mara nyingi maana yake tairi moja linashika kuliko lenzake: kalipa (kibanio kinachozibana pedi kwenye diski) imekwama, pini zake zimekauka, au pedi imeingia grisi. Mweleze fundi dalili kwa maneno hayohayo, bila matusi. Ukisema tu "mmeniharibia gari", mtabishana mpaka jioni.

Kabla ya kurudi, piga video: mguu ukikanyaga pedeli hadi inapofika, kiwango cha mafuta kwenye kikopo chake chini ya boneti, na kilomita kwenye dashibodi. Tunza ujumbe wa malipo ya simu pamoja na risiti. Na tafadhali, fundi mwingine asifungue tairi kabla ya wale wa kwanza. Akigusa spana tu, watasema yeye ndiye aliyeharibu. Mimi nilimwomba fundi wa mtaani kwetu aje tuwe naye pale, aangalie kwa macho na kuniulizia maswali nisiyoyajua.

Muulize mwenye gereji mwenyewe, usimwandame kijana anayejifunza kazi. Kijana amefanya alichoagizwa, mara nyingi peke yake bila wa kumkagua, na hilo ni kosa la mkubwa wake.

Niliomba vitu viwili: tairi zote mbili za mbele zifunguliwe nikiona, na pedi zangu za zamani ziletwe. Pedi za mbele ni nne, mbili kila tairi. Kwenye boksi zikatoka tatu. Ya nne ilikuwa bado ndani ya gari, upande wa kulia, ile ya ndani isiyoonekana kupitia matundu ya rimu, imelika hadi karibu na bati la mgongoni mwake. Pistoni ya kalipa, ile inayoisukuma pedi, ilikuwa imekwama, wakashindwa kuirudisha ndani ili pedi mpya iingie, wakaacha ya zamani na kufunga. Katika kuhangaika walilegeza bomba, upepo ukaingia, hawakuutoa. Hapo mabishano yakaisha.

Jua unachotaka kabla hujafungua mdomo. Wengi hukubali "leta tena tutarekebisha" kwa kuona aibu. Kwa kazi nyingine ningekubali. Kwa breki, gereji iliyofunga pedi iliyokwisha na kunyamaza sikuitaka tena. Nilidai pesa za ufundi, bei ya pedi ambayo haikufungwa, na gharama ya kuvuta gari. Mwenye gereji alilipa yote isipokuwa ya kuvuta, nikaona inatosha. Ukichagua warudie wao, simama pale upepo ukitolewa, kisha fundi akae nawe garini mkijaribu breki mahali pasipo na watu.

Wakikataa kabisa, sheria iko upande wako. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Andika barua fupi ya madai: tarehe ya kazi, ulicholipa, kilichokutwa, kiasi unachodai, na siku 14 za kujibu. Baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Siku hizo zikipita kimya, nenda mahakama ya hakimu yenye utaratibu wa madai madogo, uulize kwanza kama dai lako linaingia humo. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi, kwa hiyo utajieleza mwenyewe. Nenda na ile barua, risiti, video, na pedi yenyewe ukiwa umeifunga kwenye mfuko.