Shangazi, masikio yangu yanalia usiku kucha

"Shangazi, niko na kisiagi cha unga hapa Kondele, mwaka wa tisa sasa. Tangu mwezi wa kumi na mbili masikio yanalia tiiii kama nyenje. Mchana siskii, nikilala ndio inaanza, nazima hadi feni nione kama imeisha, saa tisa bado niko macho. Na ni wakati huo huo loni ya chama imenilemea. Mama watoto anasema nimetupiwa kitu. Ama ni wazimu? – Macho Kodo, Kisumu"

Macho Kodo mwanangu, pole sana. Si wazimu, na mwambie mama watoto kuku wake abaki nyumbani. Miaka tisa kando ya kisiagi bila kufunika masikio, ulitaka yafanye nini? Ndani kabisa kuna vinywele vidogo vya kushika sauti, kelele ikizidi vinakufa na havioti tena, sasa ubongo ukikosa sauti ulizozoea unajiongezea volyumu wenyewe, ndio hiyo tiiii.

Lakini nilicheka kidogo, unisamehe, hapo kwa kuzima feni. Si ni wewe unaitafuta! Ubongo ni kama soja wa usiku, ukimwambia paka wa jirani ni mwizi atapiga filimbi kila paka akipita, akishajua ni paka tu hata kichwa hainui, na paka bado anapita. Sasa huyu soja wako ana deni, analala aje? Loni haikuleta kelele, lakini ndiyo inamfanya akeshe akiisikiza.

Leo usizime feni. Ama weka redio chini, chini kuliko hiyo tiiii, si ya kuizima, ni isikae peke yake. Ukiamka saa tisa usiipime, toka kitandani, keti sebuleni kidogo hadi usingizi urudi. Kwa kisiagi vaa zile za kufunika masikio kabisa, pamba haisaidii sana, lakini ukifika nyumbani vua, kimya kinaikuza.

Halafu pitia kliniki ya masikio pale Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, saa zingine ni nta tu imeziba. Waambie dawa zote unameza, mimi kwinini ya malaria iliwahi kunililiza masikio siku tatu nikidhani nakufa. Ikiwa ni sikio moja tu, ama inapiga kama moyo, usikawie. Ukiacha kuskia ghafla ama kizunguzungu kikuangushe, nenda siku hiyo hiyo. Wa matone ya "inaisha wiki moja" mpite, tembe ya kuimaliza haijapatikana, kaunsela anayekufunza kuiwaza tofauti ndiye amesaidia wengi, hata kama sauti yenyewe inabaki.

Na hiyo loni, ongea na mweka hazina kabla ya mkutano, si siku ya mkutano mbele ya watu. Uniandikie alisema nini.