Maswali ya Wasomaji: Nyangumi na Pomboo wa Visiwa vya Atlantiki

Nina likizo mwezi wa Agosti na shauku yangu ni kumwona nyangumi buluu. Niende Azores au Madeira?

Kwa Agosti, si huko wala kule. Nyangumi buluu hupita Azores wakiwa njiani kwenda kwenye malisho ya kaskazini, na miezi ya kuwavizia ni Aprili na Mei. Wachache huonekana Machi, wachache Juni mapema. Katika msimu huohuo hupita nyangumi pezi na nyangumi sei. Ikifika Agosti wote hao wameshasonga mbali, na nahodha atakayekuahidi kinyume anakuuzia matumaini.

Basi badilisha mwezi au badilisha mnyama. Ukibaki na Agosti, Azores ina kashaloti, yule nyangumi mwenye meno na kichwa kama gogo, ambaye yupo mwaka mzima. Kiangazi makundi ya majike na watoto wao huonekana kwa wingi, na bahari huwa imetulia kuliko msimu mwingine wowote. Pomboo madoa wa Atlantiki nao huingia kuanzia Juni hivi na kubaki hadi vuli. Madeira kwa mwezi huohuo utegemee nyangumi rubani, pomboo, na nyangumi wa Bryde kwa bahati.

Likizo za namna hii hupangwa kwa mnyama kwanza, mwezi pili, kisiwa mwisho. Wengi hukata tiketi ya kisiwa kilichopendeza pichani, ndipo waulize kuna nini baharini. Anayemtaka nyangumi nundu, kwa mfano, hana la kufanya Tenerife, kisiwa cha Canary. Aende Boa Vista, Cabo Verde, Machi au Aprili, wanapokuja kuzaa na kupandana karibu na ghuba ya Sal Rei. Pepo za kaskazini-mashariki huvuma kwa nguvu hapo, kwa hiyo safari za asubuhi ndizo za kuchagua.

Kwa nini Tenerife inasifiwa kuwa na nyangumi kila siku ya mwaka? Ni kweli au ni biashara tu?

Ni kweli kwa spishi mbili: nyangumi rubani na pomboo chupa. Wote wanaishi upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, kwenye mlango wa bahari kati ya Tenerife na La Gomera. Sababu ni mbili. Visiwa hivi ni vilele vya volkano, kwa hiyo ukitoka bandarini kilomita chache tu kina kimeshapita mita elfu moja, na huko chini ndiko waliko ngisi wanaoliwa na nyangumi rubani. Pili, mlima Teide huzuia pepo za kaskazini-mashariki, na maji ya upande huo hubaki tulivu wakati kwingineko kunachafuka.

Mchana utawakuta nyangumi rubani wamejilaza juu ya maji, wamepumzika baada ya kuzama. Boti hutoka Los Cristianos, Puerto Colón na Los Gigantes, na safari ya saa mbili inatosha. Kasoro yake ni msongamano: hapa kuna boti nyingi. Chukua safari ya kwanza ya asubuhi, au vuka kwa feri hadi La Gomera utokee Valle Gran Rey.

Nimeambiwa siku mbili Pico zinatosha. Nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una msingi. Pico ni kisiwa cha Azores, na bahari ya huko hubadilika kwa saa, na safari kuahirishwa ni jambo la kawaida, hasa majira ya kuchipua, ambayo ndiyo yenye nyangumi wakubwa. Tenga siku nne au tano. Andikisha safari yako ya baharini siku kamili ya kwanza baada ya kufika, si ya mwisho, ili ikifutwa uwe na nafasi ya kurudia. Anayeiacha hadi mkesha wa kuondoka hurudi na picha za malisho na ng'ombe.

Uliza mapema, kwa maandishi, mambo mawili: fedha zinarudishwa zote safari ikifutwa kwa hali ya hewa? Na msipoona mnyama yeyote, mnapewa safari nyingine bure? Kuhusu zile asilimia kubwa za mafanikio zinazotangazwa, ulizia zimehesabu nini. Mara nyingi pomboo mmoja ameshatosha kuiita safari imefaulu.

Jua pia wanyama wanavyopatikana. Juu ya majabali ya Pico, Faial na São Miguel kuna vibanda viitwavyo vigia, ambamo watu wenye darubini kubwa huitazama bahari tangu alfajiri na kuwaelekeza manahodha kwa redio. Ni mbinu iliyoachwa na wawindaji wa nyangumi, ambao waliua wa mwisho Pico mwaka 1987. Lajes do Pico, mji ule ule wa wawindaji, ukawa kitovu cha utalii huu miaka michache baadaye, na makumbusho yao ya uwindaji yanafaa kutembelewa siku bahari imechafuka. Mtazamaji wa vigia huona pumzi ya nyangumi kutoka mbali, lakini ukungu ukishuka au mawimbi yakianza kuvunjika meupe, haoni kitu. Hapo boti hutegemea maikrofoni ya majini kusikiliza milio ya kashaloti, na nyangumi asiye na mlio wa namna hiyo hapatikani kwa njia hiyo.

Ukilala Horta, mji wa kisiwa jirani cha Faial, usijisumbue: feri hadi Madalena ya Pico ni kama nusu saa.

Boti ya mpira au katamarani? Mke wangu ni mjamzito, na baba yangu mzee atakuwa nasi.

Katamarani, ile boti ya matumbo mawili, bila mjadala. Boti ya mpira yenye sakafu ngumu hukimbia na kugonga kila wimbi, na mpigo wote hupanda kwenye uti wa mgongo. Kampuni makini hazipakii wajawazito, wenye maradhi ya mgongo au shingo, wala waliofanyiwa upasuaji karibuni. Faida zake ni kufika haraka kule vigia inakoelekeza, na kuwa karibu na usawa wa maji. Aliye mzima akiichagua, akae nyuma karibu na tezi. Viti vya omo, yaani mbele, hupendwa na wapiga picha, na ndivyo vinavyorusha watu zaidi.

Mimi hulevywa na bahari hata kwenye feri. Nikae nyumbani?

Usikae nyumbani, jiandae. Ulevi huu hutokea sikio la ndani likihisi mwendo ambao macho hayauoni, kwa hiyo kila kinachokufungia macho kwenye kitu cha karibu hukuharibia: simu, kioo cha kamera, kitabu cha kutambulia nyangumi, chumba cha chini kisicho na madirisha. Tazama upeo wa macho, uso ukielekea mbele. Kwenye katamarani kaa katikati, sitaha ya chini, mbali na moshi wa injini.

Dawa hufanya kazi ikimezwa kabla, si baada ya tumbo kuanza kuchafuka. Sinarizini humezwa kama saa mbili kabla ya kuondoka. Kiraka cha skopolamini hubandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla, vyema usiku wa kuamkia safari, na hakifai wenye glakoma ya pembe finyu. Zote huleta usingizi. Zungumza na mfamasia, na ijaribu dawa siku nyingine kabla ya safari. Usiende na tumbo tupu. Mkate mkavu au biskuti zinafaa, kahawa na mafuta hazifai. Pombe ya jana usiku nayo huhesabiwa.

Kitakachowashinda wengi si mwendo, ni kusimama. Boti ikizimwa kumsubiri kashaloti aliyezama, huyumba ubavuni kwa dakika arobaini na zaidi. Kichefuchefu kikishinda, mjulishe mhudumu na uende upande wa demani, upepo unakoelekea. Joshini, unakotoka, upepo utakurudishia wewe na majirani.

Nitamjuaje nyangumi niliyemwona?

Anza na pumzi. Ya kashaloti hutoka kwa mshazari, mbele na kushoto, kwa kuwa tundu lake liko kushoto kwenye ncha ya kichwa. Hukaa juu kama dakika kumi akipumua, kisha huinua mkia wote na kuzama. Akiuinua, piga picha hiyo, maana hutamwona tena kwa muda mrefu. Nyangumi buluu hupuliza mnara uliosimama wima, unaoweza kufika mita tisa, na pezi lake la mgongoni ni dogo mno, liko karibu na mkia. Nyangumi pezi ana taya la chini jeupe upande wa kulia na jeusi upande wa kushoto, na mkia wake huuonyesha kwa nadra.

Kwa kamera: kasi ya sekunde 1/1000 au zaidi, fokasi ya kufuatilia, lenzi ya milimita 70–200 kwa boti ya mpira. Usibadilishe lenzi baharini. Jioni ifute kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ikaushe.

Inaruhusiwa kuogelea nao?

Azores unaweza kuogelea na baadhi ya pomboo, kwa kampuni yenye kibali. Na nyangumi, hapana. Canary ni marufuku kwa wote. Huko boti haipaswi kusogea ndani ya mita 60 za mnyama, na Azores mipaka ni mita 50, au 100 kwa mama mwenye mtoto. Nahodha mzuri humkaribia mnyama kutoka nyuma kwa ubavu, taratibu. Akimkatia njia mbele au akipita katikati ya kundi, mwambie papo hapo, kisha ripoti kwa mamlaka ya bandari. Boti zenye kibali Canary hupeperusha bendera ya njano yenye maandishi Barco Azul. Itafute kabla ya kulipa.

Viza moja inatosha kwa visiwa vyote?

Azores, Madeira na Canary ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha, na maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi: Ureno kwa viwili vya kwanza, Hispania kwa Canary. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Cabo Verde haimo. Ukitaka kwenda Boa Vista kisha urudi Azores, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utazuiwa kurudi.