Mkazo wa Kituruki unaangukia wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini wageni wa Kituruki unaowatembeza Bagamoyo wanakwambia Kituruki chako “kinapanda mwishoni”. Ni kwamba unakisema kwa mapigo ya Kiswahili.

Simama pale soko la samaki useme: “Nimenunua samaki.” Sauti inakaza kwenye -ma-. Ongeza neno, “Nimenunua samaki wakubwa”, mkazo unahamia -ku-. Sisi kitenzi hutangulia, kirai, yaani fungu la maneno, hukazwa mwishoni. Waingereza nao hivyo hivyo.

Mturuki huanza na samaki: “balık aldım”, yaani “samaki nimenunua”. Mkazo uko kwenye -lık, kitenzi kinafuata kwa sauti ya chini. Ukiangalia vizuri, kote anayekazwa ni samaki. Kilichohama ni kitenzi tu. Wajerumani wanavyo vyote viwili, kitenzi mbele au nyuma, na kitu kinachotendewa ndicho hukazwa.

Kwa hiyo usihangaike na kitenzi, kimeze. Piga kofi moja kwenye -lık, basi. Mimi hapa Tanga nilifanya hivyo wiki mbili, majirani wakidhani najifunza ngoma.

Ila ukitaka kusisitiza kwa Kiswahili, usipaze sauti, geuza sentensi: “Nilichonunua ni samaki.”