Sindano ya mgongo wakati wa kujifungua kwa upasuaji: je, inapoozesha?

Swali: Shikamoo daktari. Mke wangu amepangiwa kujifungua kwa upasuaji KCMC, hapa Moshi, wiki ijayo. Shangazi yake anasema sindano ya mgongo hupoozesha miguu, bora nusu kaputi, yaani alazwe usingizi kabisa. Tena tumesikia huenda atakayemchoma ni daktari ambaye bado anasoma. Tukatae?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Msikatae, ila ulizeni.

Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Pale zimebaki nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, na sindano, unene wake kama nusu milimita, ikiingia zenyewe husogea. Madhara ya kudumu yapo lakini ni nadra sana. Ndiyo maana tunauliza kama mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana jipu mgongoni. Asifiche.

Ataketi kitandani amejikunja, kidevu kifuani, nesi akimshika mabega. Baadaye tutampitishia pamba yenye spiriti tumboni; asiposikia ubaridi, ganzi imeshika. Miguu itakuwa mizito kama magogo kwa saa kadhaa. Nadhani hicho ndicho shangazi alichokiona kwa mtu. Itarudi. Akihisi kichefuchefu au kizunguzungu aseme palepale: presha imeshuka, na dawa tunayo mkononi.

Nusu kaputi kwa mjamzito ina hatari zaidi. Njia ya hewa huwa imevimba, mpira wa kupumulia hupita kwa shida, na vilivyo tumboni hupanda kirahisi vikaingia mapafuni. Tunaitumia inapobidi, mathalani damu ikitoka nyingi.

Kuhusu anayesoma: KCMC ni hospitali ya kufundishia, na anayesomea ubingwa wa usingizi tayari ni daktari, miaka 5 ya chuo na mmoja wa intanishipu. Sindano zangu za kwanza nilichoma mwalimu amesimama begani kwangu, akinisahihisha hata namna ya kugusa pingili. Mkeo ana haki ya kumuuliza, "Nani anakusimamia leo?" Swali hilo halituudhi hata kidogo.

Siku za mwanzo baada ya kujifungua, kichwa kikimuuma sana akiketi na kupoa akilala, asivumilie nyumbani. Arudi, tiba ipo.

Na tafadhali, mwambieni shangazi asilete mtori asubuhi ya upasuaji. Najua anauleta kwa upendo, lakini mtori wenye nyama ni chakula kizito, uwe umeliwa angalau muda wa saa 8 kabla ya upasuaji. Chai ya maziwa, muda wa saa 6 kabla. Maji matupu au chai ya rangi, mwisho muda wa saa 2 kabla, isipokuwa wodini wamewaambia vingine.