Maswali ya Wasomaji: Jina la ukoo na chai iliyopoa

SWALI

Ndugu mhariri,

Mimi ni fundi seremala, Mwislamu, na ninafanya kazi katika karakana moja ya samani hapa Gerezani. Mwenye karakana ni mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na nimekaa naye miaka 11 bila neno baya kati yetu. Mwezi uliopita walikutana kwetu wateja wawili. Mmoja ni Mhindi wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka upande wa Lahore. Wa pili ni Singasinga mgeni, amekuja kutoka India kwa shughuli zake za biashara. Walipotajiana majina ya ukoo wakakuta ni jina moja, Bajwa. Wakakumbatiana, wakaagiza chai, wakawa kama ndugu waliopotezana. Kisha mgeni akamgeukia mzee wangu na kumwuliza yeye ni wa ukoo gani. Mzee akajibu, na hapo uchangamfu wa mgeni ukakatika, ingawa adabu ilibaki. Chai haijaisha, mazungumzo yakafika mwaka 1947, India ilipogawanywa, na wale ndugu wa dakika kumi wakaanza kurushiana maneno juu ya nani aliwachinja jamaa za nani. Mzee alichukua randa akarudi kwenye ubao wake. Nilipomwuliza baadaye alisema tu, "Mambo ya zaat hayo, kijana."

Siku zote nilidhani watu hawa wakigombana ni kwa ajili ya dini. Sasa imekuwaje Mwislamu na Singasinga wawe ukoo mmoja, halafu Masingasinga wawili watazamane kwa jicho la pembeni? Jingine ni kwamba mzee amenialika Jumapili nikale chakula gurudwara, nyumba yao ya ibada. Je, niende?

Msomaji wenu, Gerezani

JIBU

Mzee wako amekujibu kwa neno moja, na sisi tutalazimika kulieleza kwa mengi. Zaat, kwa Wapunjabi, yaani watu wa Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan, ni tabaka ambalo mtu huzaliwa nalo: baba akiwa mkulima mwenye ardhi, mtoto ni wa tabaka hilo hata akisomea udaktari, baba akiwa seremala, mtoto ni wa maseremala hata akimiliki kiwanda. Waislamu wa Punjab hupenda zaidi neno biradari, lenye maana ya udugu, lakini wakati wa kuposa maneno hayo mawili hufanya kazi ileile.

Jina la Bajwa ni la tabaka la Jat, wakulima wenye mashamba, na tabaka hilo lilikuwapo Punjab kabla Usingasinga haujazaliwa. Katika karne zilizofuata koo hizo ziligawanyika: wengine wakasilimu, mara nyingi kwa mvuto wa mawalii wa Kisufi, wengine wakamfuata Guru Nanak, mwanzilishi wa Usingasinga, na warithi wake, wengine wakabaki Wahindu. Kila upande ulibadili dini na kubaki na jina, na ndiyo maana leo utakuta Bajwa, Cheema na Randhawa misikitini na gurudwara vilevile. Wateja wenu hawakudanganyana walipoitana ndugu. Pengine walikuwa ndugu kweli, kwa babu ambaye hakuna kati yao anayeweza kumtaja.

Sasa tuje kwa mzee wako. Hukututajia jina alilolijibu, lakini seremala wa Kisingasinga aliyezaliwa Afrika Mashariki, kwa uwezekano mkubwa, ni Ramgarhia. Chini ya jina hilo wamo maseremala, wahunzi na waashi, na limetokana na Jassa Singh, jemadari wa karne ya 18 aliyezaliwa katika familia ya maseremala, ambaye aliijenga upya ngome ya Amritsar ikaitwa Ramgarh. Katika kijiji cha Punjab fundi wa namna hiyo alimtengenezea Jat plau na magurudumu mwaka mzima, na malipo yake yakawa fungu la nafaka wakati wa mavuno. Mwenye shamba alijiona bwana. Fundi alijiona mtu ambaye bila yeye shamba halilimwi, na kwa maoni yetu hakukosea.

Afrika Mashariki mambo yaligeuka. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, iliyojengwa kuanzia mwaka 1896 hadi 1901, ililetewa vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wa waliobaki hai walirejea kwao, na 6,700 hivi wakabaki. Waliotakiwa zaidi miongoni mwa Masingasinga hao walikuwa watu wa msumeno, nyundo na mwiko, na kwa hiyo huku kwetu Ramgarhia, waliokuwa wachache na wa chini kule kijijini, wakawa ndio wengi na ndio wenye mali. Mgeni anayetoka Punjab leo akifika Gerezani na vipimo vya kijijini kwao hukuta mizani imepinduliwa, na bila shaka hilo ndilo lililompata mteja wenu kabla ya chai yake kupoa.

Utauliza, je, dini yao hairuhusu ubaguzi huo? Hairuhusu hata kidogo. Neno lenyewe, Sikh, ambalo ndilo Masingasinga hujiita, maana yake ni mwanafunzi, na mwalimu wa kwanza, Guru Nanak (1469–1539), alitembea nchi kwa nchi akiwa na mwenzake Mardana, Mwislamu aliyempigia zeze aina ya rababu, kutoka jamii ya waimbaji iliyodharauliwa. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, mrithi wa tisa wa Nanak, alipounda Khalsa, yaani jumuiya ya Masingasinga waliobatizwa, pale Anandpur, watano waliojitolea mwanzo walitoka katika matabaka tofauti, mmojawapo kinyozi na mwingine mchota maji, na wote wakanywa chombo kimoja. Wanaume wakapewa jina la Singh na wanawake la Kaur, ili jina linaloonyesha tabaka lisiwe na kazi tena. Katika kitabu chao kitukufu, Guru Granth Sahib, mna beti za Kabir aliyekuwa mfumaji, za Ravidas aliyekuwa mshona viatu, na za Sheikh Farid, Mwislamu wa Kisufi. Mwongozo wao wa maadili, uliopitishwa Amritsar katika karne ya 20, unasema wazi kwamba katika ndoa tabaka lisitazamwe. Pamoja na hayo yote majina ya ukoo yalirudi nyuma ya Singh, na wazee bado huyauliza barua ya posa inapofika.

Kabla hatujawacheka, tujitazame. Sisi wa pwani tunajua neno kufu, yaani kulingana hadhi kwa wanaooana. Qurani inasema watu wamejaaliwa mataifa na makabila ili wajuane, lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi huku, walihesabu nasaba na kazi ya mtu miongoni mwa mambo ya kufu, na hapa pwani binti wa sharifu hakuozwa kwa kila mwenye kuswali. Waislamu wa Punjab nao wana Masyed wao, wanaojihesabu kizazi cha Mtume, juu na wafagiaji wao chini. Sheria ya India imelifanya jambo hili kuwa gumu zaidi: nafasi maalumu za masomo na kazi za serikali kwa watu wa matabaka yaliyokandamizwa, zilizowekwa kwa amri ya mwaka 1950, zilikuwa za Wahindu na baadhi ya Masingasinga, zikapanuliwa kwa Masingasinga wengine mwaka 1956 na kwa Wabuddha mwaka 1990, lakini Mwislamu mfagiaji mpaka leo hahesabiwi humo, kana kwamba kusilimu kumemfuta jasho la babu yake.

Sasa ule ugomvi. Kuna visa vya zamani ambavyo kila mtoto wa Kisingasinga hufundishwa: Guru Arjan aliuawa Lahore mwaka 1606 katika utawala wa Jahangir, mfalme Mwislamu wa Kimughal, Guru Tegh Bahadur akakatwa kichwa Delhi mwaka 1675 katika utawala wa Aurangzeb, mfalme wa ukoo uleule, na wana wawili wadogo wa Guru Gobind Singh wakauawa Sirhind, inasimuliwa kwa kujengewa ukuta wakiwa hai, kwa amri ya gavana Mwislamu. Watoto haohao hufundishwa pia kwamba Nawabu (mtawala) wa Malerkotla, mji wa Punjab, naye Mwislamu, alisimama barazani akapinga mauaji ya watoto wale, na Masingasinga hawajamsahau: mwaka 1947, Punjab ya Mashariki ilipokuwa inawaka moto, Waislamu wa Malerkotla hawakuguswa.

Kilichowaunguza wateja wenu, hata hivyo, ni kitu cha karibu zaidi. Mpaka uliokata Punjab vipande viwili, kimoja cha India na kingine cha Pakistan, ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, siku mbili baada ya India kuwa huru, na watu zaidi ya milioni 10 wakahama, Waislamu kuelekea Pakistan, Wahindu na Masingasinga kuelekea India. Makadirio ya waliouawa huanzia 200,000 na kupita milioni moja, na kila upande uliua. Waliopoteza zaidi ardhi ni Majat, kwa kuwa ndio waliokuwa nayo. Bajwa wengi asili yao ni Sialkot, na Sialkot iliangukia Pakistan. Bajwa wa Kisingasinga wakaacha ngano shambani na kuvuka mpaka usiku, huku Bajwa wa Kiislamu waliokuwa mashariki wakivuka kuja upande wa pili. Ukoo uleule uliowafanya wakumbatiane ndio unaowafanya wajue ni shamba gani, kisima gani, nyumba ya nani. Mtu asiye na uhusiano na mahali hapo angegombana nao kwa kipi? Mzee wako, ambaye pengine babu yake alikuwa tayari huku akipiga randa mwaka huo, hakuwa na shamba la kudai, akarudi kwenye ubao.

Kuhusu mwaliko: suala la halali na haramu kamwulize sheikh wako, lakini tunaweza kukueleza utakachokuta. Singasinga aliyebatizwa katika Khalsa amekatazwa nyama iliyochinjwa Kiislamu, na katika mji kama Dar es Salaam, ambako karibu kila bucha huchinja hivyo, huenda umemwona mzee akikwepa pilau la sherehe bila kusema sababu. Gurudwara tatizo hilo halipo kwa sababu chakula cha langar, yaani jiko la bure la gurudwara, hakina nyama: ni dengu, mboga, wali na chapati, na anayeingia halipi wala haulizwi dini. Kofia yako inatosha kwa kufunika kichwa. Viatu vitabaki mlangoni. Ukipita kwanza ukumbini kwenye kitabu utapewa kiganjani donge la unga wa ngano, samli na sukari. Hilo hugawiwa kama baraka, kwa hiyo kama dhamiri yako inakataa, fumbata mikono na kutikisa kichwa kwa upole, hakuna atakayekasirika.

Halafu utakaa chini kwenye safu na watu wote, mwenye duka kando ya mbeba mizigo. Chapati pokea kwa mikono miwili, viganja juu, na usichukue zaidi ya unachoweza kumaliza, kwa sababu kubakiza chakula kwenye sahani kutamwudhi mzee wako kuliko swali lolote utakalomwuliza juu ya zaat.