Maswali Yenu: Mipaka ya shule ichorwe upya, au ziongezwe programu za magneti?

SWALI: Shule ya wanangu imejaa hadi watoto wanasomea kwenye mabanda ya muda uwanjani, na shule jirani ina madarasa matupu. Bodi ya elimu imegawanyika: wengine wanataka mipaka ya shule, ile mistari inayoamua mtoto asome wapi kulingana na anapoishi, ichorwe upya; wengine wanataka programu za magneti, yaani masomo maalumu ya kuwavuta watoto wa mitaa mingine kwa hiari. Tuunge mkono lipi?
Mama wa watoto watatu, Ohio

JIBU: Mama, kama shida ni msongamano, mipaka kwanza. Tupige hesabu ya mfano. Shule yenu ilijengwa kwa watoto 900, sasa ina 1,150: asilimia 128. Jirani ina nafasi 1,000 na watoto 700. Mstari ukisogezwa wakahama 200, yenu inashuka hadi asilimia 106 na jirani inafika 90, ndani ya mwaka mmoja. Programu ya magneti yenye nafasi 60 kwa mwaka hugombewa na wilaya nzima kwa bahati nasibu. Shule yenu ikiambulia 15, baada ya miaka mitatu wameondoka 45 tu, na mabanda bado yapo.

Magneti ilibuniwa kwa kazi nyingine. Kama sumaku, ni ya kuvuta. Mwaka 1968 huko Tacoma, Washington, shule ya msingi ya McCarver, iliyokuwa na watoto weusi wengi, iliwekewa masomo ya kuwavutia wazungu waje kwa hiari yao. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi za Seattle na Louisville, ilizuia kwa kura 5 dhidi ya 4 kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kuangalia rangi yake. Jaji Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliacha njia wazi: wilaya inaweza kuchora mipaka ikijua nani anaishi wapi, na inaweza kutenga fedha za programu maalumu. Kwa hiyo vyote viwili ni halali. Tatizo ni kukipa kimoja kazi ya mwenzake.

Ila ramani isomeni kwa macho makali. Majengo ya kupanga yana watoto wengi mahali padogo. Mstari mmoja ukiyazunguka unahamisha watoto 150 kwa mkupuo, ndiyo maana wachoraji huyakimbilia, na wapangaji ni nadra kuonekana mkutanoni kupinga. Familia nyingi za wahamiaji wanaishi humo humo. Ulizeni: jengo letu limehamishwa mara ngapi miaka kumi iliyopita? Aliyebakiza mwaka mmoja ataruhusiwa kumalizia? Mdogo wake atamfuata? Je, watoto wa shule moja ya msingi watagawanywa katika shule mbili za kati? Aliyekuwa akienda kwa miguu, sasa atavuka barabara gani?

Kiingereza kisikuzuie. Wilaya inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuwafikishia wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi, na usikubali mwanao ndiye akutafsirie.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya magneti, lakini hakuna basi. Inakuwaje?
Baba, Kentucky

JIBU: Ndugu, hapa ndipo magneti nyingi huvunjikia. Basi la shule ya mtaa hujaza watoto kwenye vituo vichache na kurudia safari ya pili asubuhi hiyo hiyo. Basi la magneti huzunguka wilaya nzima, wawili hapa, mmoja kule, na dereva ni yule yule mmoja. Huko Louisville, jimboni kwenu Kentucky, tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, watoto wa mwisho walifikishwa nyumbani karibu saa nne usiku, shule zikafungwa zaidi ya wiki. Aprili 2024 bodi ikaondoa mabasi ya shule nyingi za magneti kwa mwaka uliofuata; sekondari za Central na Western zikabakishiwa. Nafasi haikufutwa kwenye karatasi, lakini mtoto ambaye mzazi wake anaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, bila gari, aliikosa hivyo hivyo. Tunasema wazi: programu isiyo na basi ni ya wenye gari.

Kabla ya kukubali, uliza kama kuna kituo cha pamoja cha basi, kiko wapi na saa ngapi, kama basi la mji linafika, na kama usafiri umeahidiwa hadi amalize au kwa mwaka mmoja tu. Uliza pia kama magneti ni shule nzima au ni madarasa machache ndani ya shule ya kawaida. Na ukitaka kukataa, kwanza pata kwa maandishi kama nafasi yake kwenye shule ya mtaa bado ipo.