Baba alitoka hospitali kesho yake, nasi tukadhani yamekwisha

Matundu mawili kwenye kinena, moja kila upande, kila moja limezibwa kwa plasta ndogo. Hiyo ndiyo alama pekee aliyobaki nayo Baba baada ya kutengenezewa mshipa mkuu wa damu tumboni. Kesho yake mchana alikuwa amekaa kitini anakunywa chai ya tangawizi niliyompelekea kwenye chupa, na jioni tukarudi naye nyumbani, Milton Keynes. Jamaa waliokuja kumjulia hali walimtazama wasiamini kwamba ametoka kwenye operesheni. Pole pole na sisi tukaanza kusahau. Naandika ili mtu mwingine yeyote asithubutu kusahau.

Hapa Uingereza mwanamume akitimiza miaka 65 huitwa akapimwe tumbo kwa ultrasaundi. Ile barua Baba aliiacha juu ya friji wiki tatu. "Mimi siumwi na kitu," alisema, na kweli hakuwa akiumwa, maana ugonjwa huu wa kutanuka mshipa kwa kawaida hauumi mpaka mambo yaharibike. Aota, yaani ule mshipa mkuu wa damu, tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi; ukifika 3 unahesabiwa umetanuka. Wa Baba, mvuta sigara wa miaka 40, ulikuwa 4.8. Akawa anapimwa kila miezi mitatu mpaka ukafika 5.6. Kwa wanaume, 5.5 ndipo madaktari huanza kuzungumzia operesheni, kwa sababu mshipa huo ukipasuka, wengi hufariki hata kabla ya kufika hospitali.

Tulipewa njia mbili. Ya kwanza ni kupasua tumbo na kushona mshipa wa bandia. Ya pili ni kupitia mishipa ya kinena na kupandisha stenti, yaani bomba la kitambaa lenye fremu ya waya, ambalo hufunguka ndani ya aota na damu ikapita humo. Njia hii ilianzia kwa daktari Juan Parodi, Buenos Aires, mwaka 1990. Tulichagua ya pili, na sijuti. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1999, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 1.7 kwa njia ya kinena na asilimia 4.7 kwa waliopasuliwa.

Lakini wagonjwa walewale walifuatiliwa miaka mingi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba ile faida ya mwanzo haikudumu. Baada ya miaka 8, waliowekewa stenti ndio waliokuwa wakifariki zaidi, na sababu mojawapo ni kifuko cha mshipa, yaani ile sehemu iliyotanuka, kupasuka baadaye. Kifuko hakitolewi. Kinabaki palepale, nje ya bomba, na kama damu itapata mwanya wa kuingia, kitaendelea kujaa. Daktari alitueleza haya kabla ya operesheni. Tuliitikia kwa vichwa, masikio yetu yakiwa kwenye "atatoka kesho".

Wiki za mwanzo alipata homa kidogo, ambayo tuliambiwa hutokea mwili unapopokea kitu kigeni, na paja likafa ganzi. Alichoka kwa zaidi ya mwezi, hata msikitini akawa anapelekwa kwa gari. Wengine hupata maumivu ya matako wakitembea, au hupungukiwa nguvu za kiume, kutegemea mishipa iliyozibwa na bomba. Wazee wetu hawawezi kumwambia hayo binti yao. Basi mpe nafasi akae na daktari peke yake, au aingie naye kaka yako.

Picha ya siti skani ya mwezi wa kwanza ilikuwa safi. Baba akasafiri Unguja, akakaa miezi saba. Barua ya kipimo cha mwaka ilikwenda kwenye anwani yetu ya zamani, nasi hatukupiga simu kuuliza. Nilipomkumbusha aliniambia, "Mwanangu, mimi mzima kuliko wewe." Mwezi wa 19 ndipo nilipomkokota. Kifuko kilikuwa kimefika 6.3.

Nakumbuka daktari akigeuza kioo cha kompyuta ili nione. Bomba lenye miguu miwili, na pembeni ya mguu wa kushoto, kule chini, ukungu mweupe mwembamba. Damu ilikuwa inapenya pale ncha ya bomba ilipoacha kubana. Kuna uvujaji mwingine, wa mishipa midogo ya mgongoni inayorudisha damu kwenye kifuko, na huo mara nyingi huachwa ukaangaliwa tu. Wa kwenye ncha hauachwi. Wiki iliyofuata aliongezewa kipande cha bomba, kupitia kinena kilekile.

Kwa hiyo, ikiwa mzazi wako ana stenti hii, usingoje barua. Tarehe ya kipimo iwe kwenye simu yako, na mwezi mmoja kabla piga mwenyewe. Kila mara uliza maswali mawili: kifuko kimepungua au kimekua, na kuna uvujaji wa aina gani? Andika namba. Akisafiri, abebe ripoti na picha zake kwenye diski. Akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, au akizirai, msimpe dawa ya kutuliza mkasubiri. Ita ambulensi na useme tangu mwanzo kwamba ana stenti ya aota. Sigara aache kabisa.

Na wapimeni ndugu zake wa damu, kwani ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ami yangu aliyeko Unguja alipimwa mwezi uliopita: 3.4. Atapimwa tena mwakani, na tarehe yake nimeshaiweka kwenye simu yangu pamoja na ya Baba.